Huku Lazima Usimame

Ijumaa, 21 Juni

Nimevuliwa viatu kabla sijamaliza ngazi. Hili si basi lako la shule, shemeji. Ndiyo salamu ya Wally. Zonia, mdogo wangu, akacheka, kile kicheko chake cha kuzima moto. Nikavua. Soksi ina tundu kidoleni. Wally akaliona, akalitangaza.

Gari-nyumba lenyewe kubwa kuliko nyumba tuliyozaliwa. Chumba chao nyuma, jiko katikati, mimi kwenye kochi. Usukani hauguswi na mtu. Nimeendesha mabasi ya wanafunzi tangu nywele zangu nyeusi, kwenye barafu, watoto wakinitapikia mgongoni — lakini usukani huu, hapana! Ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba. Hata akilala.

Tumepita lile Yai letu kubwa la mjini, sanamu ya yai la Pasaka, Zonia akalipungia mkono kama mtoto. Nilitaka kulia. Sikulia.

Kwa nini nimekuja: mwezi wa tano Zonia alinipigia simu. Njoo nasi dada, nafasi ipo. Miaka yote ya ndoa yao hajawahi kunialika hata kula Krismasi. Na sauti aliyoitumia ilikuwa ile ya chini, ya mtu anayesikilizwa. Alishamkimbia huyu bwana, na si mara moja. Kila mara akarudi na begi lake, akasema amechoka tu, ni kazi tu. Sasa Wally amestaafu. Kazi haipo tena ya kusingiziwa.

Wally anataka kutia miguu kwenye Bahari ya Aktiki apigwe picha. Mimi bahari yao siitaki. Nataka kurudi Vegreville na mdogo wangu, bila yeye. Basi.

Jumapili, 23 Juni

Kupita Fort Nelson. Misonobari, misonobari, lori, misonobari.

Nungu alikuwa anavuka. Mzee wa nungu, mnene, hana haraka na mtu. Barabara tupu! Wally angeweza kumkwepa kwa kidole kimoja. Alihama upande kumfuata. Nilisikia chini ya miguu yangu. Kisha akamwambia Zonia: ungeona uso wako! Akacheka hadi akakohoa.

Zonia naye akacheka. Nikamuuliza Wally kama miiba inaweza kutoboa tairi. Alisimama, akachukua rungu lake, akazunguka akigonga matairi yote — du, du, du — akisikiliza. Kila tukisimama anafanya hivyo. Madereva wa malori hugonga ili kujua tairi gani limepungua upepo. Yeye hugonga hata tukisimama kukojoa.

Anapogonga ndipo mimi na Zonia tunapumua.

Jumanne, 25 Juni

Chemchemi ya maji ya moto ya Liard. Wally hakuingia, anasema hiyo ni supu ya vikongwe. Akabaki na bia na redio.

Zonia aliingia na fulana ya mikono mirefu. Nikamwambia vua, itakuvuta chini. Hakutaka. Nikaivuta mwenyewe — nilimvisha na kumvua huyu tangu hajui kutembea, ataniambia nini!

Mungu wangu.

Mikono yote miwili. Alama za vidole, nyingine zimegeuka njano, nyingine bado nyeusi. Mgongoni bizimu ya mkanda imejichora nzima, ukitaka unaona hata kile kijiti cha katikati.

Akasema aliteleza bafuni. Nikasema bafu lenu lina vidole? Akasema dada, usianze, watu wanatazama. Watu hawakuwa wanatazama. Walikuwa wamefumba macho, vichwa vimetoka kwenye mvuke. Nikamwambia Whitehorse kuna uwanja wa ndege, nina kadi ya benki, tunapanda na nguo tulizovaa. Akanifuta jasho usoni kwa kiganja chake. Akasema: tukishafika baharini, dada. Acha kwanza afike baharini, ana miaka anaiota. Akifika atatulia.

Nina hasira hadi meno yananiuma.

Alhamisi, 27 Juni

Whitehorse. Tumefukuzwa kambini!

Mzee wa gari la pembeni, mpole, kofia ya uvuvi, alikuja kuomba jenereta lizimwe, mke wake mgonjwa. Alisema tafadhali. Wally akamwambia mke wako ana masikio mangapi, ayazibe. Mzee akasema kuna sheria ya kambi. Nikamwona Wally anaweka sahani chini taratibu, anafuta midomo. Akampiga ngumi ya pua. Damu ikaruka hadi kwenye haradali.

Alilia yule mzee. Mwanamume wa umri ule, akilia kwa mshangao tu, kofia mkononi.

Mwenye kambi akatupa nusu saa tuondoke. Zonia alibeba barafu kwenye taulo, akaenda kuomba radhi. Akarudi na barafu yake, hawakumfungulia. Wally akamuuliza: umewaambia nini? Hakuna. Umewaambia nini? Nikasimama katikati yao na sufuria ya supu ya viazi, inayochemka. Nikasema shemeji, pisha, itakumwagikia.

Akapisha. Akatabasamu pia. Amenielewa vizuri.

Jumamosi, 29 Juni

Dawson City. Nilimwandikia Zonia ujumbe wa simu, ingawa tumelala hatua chache tu: ndege iko kesho, sema neno. Wally ndiye aliyeusoma.

Alitoka nje na simu ya Zonia. Akaitupa mtoni, ule Mto Yukon wa kahawia, akaitupa kwa mtindo, kama anacheza na watoto. Kisha akarudi akanyoosha mkono kwangu. Na ya shemeji. Nikamwambia aje aichukue. Hakuja. Lakini asubuhi hii sijaiona, na chaja pia haipo. Nimechakura hadi ndani ya oveni.

Zonia anakaanga soseji. Anaimba.

Jumatatu, 1 Julai

Sikukuu ya taifa, na sisi tuko kwenye barabara ya Dempster. Lami imekwisha. Changarawe, vumbi, matope, vumbi tena. Miti imekuwa mifupi hadi imekata tamaa. Lori likipishana nasi linatupiga mawe. Kioo cha mbele kina ufa mrefu sasa na Wally ametukana hadi ameishiwa.

Mchana tukakuta pikapu imeegeshwa, imeinama upande mmoja. Mzee na mkewe, watu wa huku, Wagwich'in. Tairi limechanika na la akiba limechanika, yote mawili yamelala barabarani. Yule mama aliinua mkono juu.

Kwenye barabara hii kuna jambo moja tu ambalo halijadiliwi: ukikuta mtu amesimama, unasimama. Uwe unakwenda kuzika, uwe una choo kinachofurika, unasimama. Simu hazishiki. Hakuna nyumba, hakuna duka. Mtoto mdogo wa huku anajua.

Wally aliinua mkono naye. Akampungia! Akapita.

Zonia akasema, simama, Wally. Kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti ya kawaida: Wally, simama. Nami nikapiga kelele, sitaandika nilichosema. Akaongeza mwendo. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona yule mama bado ameinua mkono, vumbi letu likimmeza.

Aibu. Nimeona aibu kama niliyepita ni mimi.

Jumanne, 2 Julai

Eagle Plains. Mafuta, hoteli, karakana, hakuna kingine mbele wala nyuma. Stata inakufa: jana jioni gari liliwaka baada ya kubembelezwa sana. Fundi amelala chini yake, akatoka na jibu fupi. Kifaa hicho hapa hana. Likiwaka, usilizime. Usizime kwa chakula, usizime kwa picha, usizime kwa lolote mpaka mjini Inuvik.

Tulikuwa tunakula mgahawani mlango ulipofunguliwa, wakaingia wale wazee wa pikapu. Wameletwa na dereva wa lori la vyakula, mtu wa Quebec, Réal anaitwa, shingo fupi, sauti nzito. Mzee ni Amos. Mkewe ni Effie. Effie alikuja moja kwa moja hadi mezani kwetu. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nilikupungia mkono," akamwambia Wally. "Ukanipungia."

"Nilidhani mnasalimia."

"Na matairi yale barabarani? Nayo yalikuwa yanasalimia?"

Watu wakacheka. Wally akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema hajui kila mtu anayekaa kando ya njia amekunywa nini. Réal akaweka kikombe chake chini, akasema: sikiliza, babu. Huku hatuulizi mtu ni nani. Hatuulizi amekunywa nini. Tunasimama. Hata wewe nikikukuta, nitasimama, na sikupendi.

Wally akainuka akamsukuma kifuani. Réal hakurudisha. Alimtazama tu, akasubiri, kama anangoja mtoto amalize.

Ndipo Zonia akasema — mdogo wangu Zonia, macho kwenye sahani — "Mimi nilimwambia asimame."

Kila mtu alisikia. Effie akamshika bega. Wally akafuta midomo. Alilipa, akaacha hata bahashishi, akafungua mlango akatushikilia tupite, sisi wote wawili, kama bwana harusi.

Ninaogopa. Usiku huu injini inanguruma chini ya kochi langu. Nilimwambia Zonia tubaki na Effie. Akasema, nimeshasema neno moja leo dada, usinidai la pili.

Jumatano, 3 Julai

Ninaandika nikiwa kwenye usukani. Kalamu inaipa mikono kazi. Niandike kwa mpangilio, nisije nikaambiwa baadaye kwamba nimezua.

Tuliondoka asubuhi. Wally kwenye usukani. Tumepita kile kibao cha mstari wa Aktiki, wenzetu wanapiga picha, hakupunguza hata mwendo. Zonia alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani. Kisha Wally akakata kona akaingia kwenye shimo la changarawe, mbali na barabara, nyuma ya lundo. Hakuna mtu. Kinyesi cha dubu kimejaa matunda, kibichi. Hakuzima injini. Akaja kati, akaegemea jiko.

Akamwambia Zonia: rudia ulichosema jana.

Zonia akasema, Wally, chai inapoa.

Rudia.

Akasema, nilisema nilikwambia usimame.

Akamshika mkono wa kulia. Taratibu! Hilo ndilo siwezi kulifuta kichwani, ule utaratibu wake. Akauweka kwenye fremu ya mlango wa chumba chao kama anapima kitu. Nami bado nilikuwa nainuka kwenye kochi. Akaubamiza mlango.

Nilisikia mfupa. Zonia hakupiga kelele, alitoa sauti ya kushtuka tu, hh! Akaubamiza tena.

Kikaango cha chuma kilikuwa kwenye jiko na mafuta yake. Nikampiga nacho. Nililenga kichwa, nasema kweli, nililenga kichwa. Kikampata begani. Aligeuka akanishika kifua cha sweta akanirusha kwenye sinki. Sikio langu limechanika, damu imeingia shingoni. Akanishika koo. Uso wake ulikuwa karibu, ninajua sasa ana jino la dhahabu nyuma kabisa. Akasema, nilijua ulikuja kufanya nini. Tangu Vegreville nilijua. Kisha akabana. Nikaona weusi unaingia kutoka pembeni. Nikasikia Zonia anasema tafadhali tafadhali tafadhali, na kumpiga mgongoni kwa mkono ule mzima.

Akaniachia. Akapumua. Akajitazama kwenye kioo kidogo cha jikoni — akachana nywele! Akafunga kifungo kilichofunguka. Akachukua rungu lake, akashuka kwenda kugonga matairi.

Nikasikia. Du. Du. Upande wa kushoto, mbele. Injini inanguruma. Ufunguo mahali pake, kwa sababu ya stata, na yeye yuko nje, mara ya kwanza tangu tuondoke.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingeenda. Nilifunga komeo la mlango, nikakaa, nikasogeza kiti mbele. Du, du — alikuwa nyuma kabisa. Nikaachia breki.

Alishika ngazi ya nyuma! Mzee mzima! Nilimwona kwenye skrini ya nyuma, amekumbatia ngazi, mdomo wazi. Watoto wa akina Stecyk walikuwa wakining'inia hivyo kwenye basi langu kila majira ya baridi, na nilijua dawa yao. Nikakanyaga mafuta, nikakanyaga breki, nikakanyaga mafuta. Akaanguka. Nilisubiri nimwone anainuka. Aliinuka. Alikuwa anachechemea, na rungu akalirusha kwetu likatua mbali. Ndipo nikaondoka.

Zonia alikuwa anapiga kelele. Nilidhani ni mkono. Alikuwa ananiambia: simama! Dada, simama! Huwezi kumwacha mtu huku! Alijaribu kunivuta mkono wa usukani kwa ule wake mzima. Nikampiga kofi. Mimi. Nilimpiga mdogo wangu kofi, na yeye akatapika kwenye kapu la magazeti.

Nilisimama juu mlimani, upepo unatikisa gari zima. Nikafunga mkono wake na mwiko wa mbao na taulo za vyombo. Umevimba mpaka pete imezama. Vidole viwili haviendi. Hakulia. Akasema: dubu wako pale, dada, umeona kinyesi? Nikasema nimeona. Akasema amevaa ndala. Nikasema nimeona.

Kisha nikajiambia, atapona huyo. Barabara hii haimwachi mtu. Atatoka kwenye shimo atasimama kando ya njia, na gari la kwanza litakalokuja litasimama. Nikatulia kabisa kwa hilo. Niliteremka mlima nikiwa nimetulia kama mjinga.

Ilikuwa hapa chini, mtoni, nilipokuta kivuko hakifanyi kazi, ndipo akili iliponirudia. Mto Peel umejaa magogo, mvua ya juu imeyaleta, yanapita yanazunguka na kugongana. Pantoni imefungwa ng'ambo. Nyuma yetu barabara moja. Mbele yetu barabara hiyo hiyo, ng'ambo ya maji. Hakuna njia ya pembeni, hakuna njia ya nyuma. Gari la kwanza likisimama na kumchukua, kama ni linaloelekea kusini, sawa, atarudishwa Eagle Plains. Lakini likiwa la kwenda kaskazini, litamleta hapa. Kwenye foleni. Nyuma yetu.

Ng'ambo ipo Fort McPherson. Kuna zahanati na polisi. Naona moshi wa nyumba zao.

Ninaomba gari la kwanza liwe linaloelekea kusini. Nimeomba kwa Kiukraini, nimeomba kwa Kiingereza. Hakuna hata gari moja tulilopishana nalo.

Jumatano, bado

Magogo bado. Injini siwezi kuzima, mshale wa mafuta unashuka, sitaki kuutazama.

Nilimwambia Zonia ng'ambo tukifika, tunaanza na daktari, halafu polisi, halafu ndege Inuvik. Hajanijibu lolote tangu mlimani. Nimezungumza peke yangu hadi koo limekauka, na koo lenyewe linauma Wally alikolibana.

Sasa hivi ameinuka. Amepasha moto pirohi zilizobaki, vimaandazi vya kwetu vya viazi, kwa mkono mmoja, ametoa krimu ya maziwa, ametandika meza. Nikamwacha, nikasema ni vizuri, afanye kitu. Kisha nikaona sahani. Tatu.

Nikasema Zonia.

Akasema, atakuwa na njaa.

Khaa! Nilipasuka! Nikamwambia mfupa wako uko kwenye mwiko wa kupikia, na wewe unapima njaa yake! Nikamwambia akija hapa utamfungulia mlango? Utamfungulia? Nijibu! Utamwekea krimu? Nikamwambia mimi nimekuwa mkosaji kwenye barabara hii kwa ajili yako, nimefanya kile ambacho hata mlevi wa huku hafanyi, nimemwacha binadamu kwa dubu. Kwa ajili yako. Na bado utarudi kwake, si ndiyo? Sema ndiyo, nijue!

Alisimama na sahani ya tatu mkononi. Akatazama dirishani, akasema: lori.

Vumbi juu kilimani. Linashuka pole pole kwa gia ndogo. Nalijua, ni la vyakula. La Réal. Vichwa viwili kwenye kioo.

Jumatano, bado

Niandike haraka.

Réal ameegesha nyuma yetu. Ameshuka yeye kwanza, amekuja dirishani kwangu. Ameona sikio langu. Ameona shingo. Kisha akasema: nimemkuta anatembea, mama. Nilimwambia jana nitasimama, nimesimama. Angekuwa mtu mwingine yeyote nisingeuliza kitu. Lakini naona kuna la kuuliza.

Nikamwambia: ndiyo, nilimwacha. Mimi. Niliona dubu na nikamwacha.

Hakunihukumu. Alikuna kidevu. Akasema, yeye sasa ni mzigo wangu basi, na akageuka. Lakini Wally alikuwa ameshashuka. Ndala moja tu. Magoti yana damu. Anatabasamu! Anatembea kwa adabu kama anatoka kanisani. Akasema kwa sauti ya watu wote: ugomvi wa nyumbani, jamani, shemeji ana hasira za karibu. Amegonga mlango kwa kidole kimoja. Zoniechka. Mpenzi. Fungua, tumalize. Mkono wako nitautazama mimi.

Komeo liko. Zonia amesimama nyuma ya mlango, ndani. Karibu kabisa. Wanatenganishwa na bati jembamba. Mimi nimekaa, mguu kwenye breki, sithubutu kuuondoa.

Zoniechka. Unajua siwezi bila wewe.

Na mto umefunguka. Sikutazama lini. Pantoni imevuka, imetua, bati lake limegonga changarawe. Binti wa pantoni ameshuka, koti la rangi ya chungwa, redio kifuani. Anatupungia tuje. Nyumba kubwa kwanza, lori baadaye! Kisha ameona Wally mlangoni, ameona ndala moja, akapunguza mwendo. Amekuja upande wa jikoni, dirisha liko wazi kwa sababu ya mvuke. Anauliza anavyouliza kila gari kubwa, kwa sababu lazima ajue ana roho ngapi juu ya maji.

"Mko wangapi humo?"

Wally akajibu haraka: "Watatu, mpenzi. Ninapanda sasa hivi."

Binti hakumtazama. Alikuwa anatazama dirishani, taulo la vyombo, mwiko, vidole vya rangi ya zambarau. Akauliza tena, taratibu, akimuuliza Zonia.

Zonia ametoka mlangoni. Amekwenda dirishani. Sikumwona uso, nilimwona mgongo tu. Mkono mzima umeshika ukingo wa sinki.

"Wawili," amesema.

Wally amecheka. Amesema kichwa chake kimegongwa, hajui anachosema, muulizeni tena.

"Wawili," amesema Zonia. Amepandisha sauti, amesikika hadi kwenye lori. "Tuko wawili!"

Wally hacheki tena. Ameanza kuupiga mlango, kwa bega sasa, gari zima linayumba, krimu imeanguka. Réal anakimbia. Binti ameinua redio mdomoni, na mkono wake mwingine, ule wa kutuambia twende au tusimame, bado uko hewani, na sijui —